Somo la pili lisichaguliwe kwa jina

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Kila msimu wa usajili wa kozi, wanafunzi wengi wa uchumi, jiografia na sosholojia huongeza takwimu kama somo la pili kwa kusikia kwamba lina soko. Soko lipo, sibishi. Kinachowaangusha ni kusoma majina ya kozi bila kuangalia ipi inaitangulia ipi.

Takwimu hupandwa kwa ngazi. Kalkulasi ndiyo ya chini, kisha uwezekano, kisha ukadiriaji na upimaji wa nadharia tete, ndipo regresheni (kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika na kingine), ambayo nayo inataka matriki, yaani majedwali ya namba. Mara nyingi kozi hizi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiruka kalkulasi mwaka wa kwanza, uwezekano unasogea mbele, na regresheni inaangukia mwaka wa tatu, ukiwa umebanwa na utafiti wako. Kwa hiyo anzia mwisho: chagua kozi unayoitaka mwaka wa tatu, tazama kwenye prospektasi inadai kozi gani kabla yake, na hiyo inadai ipi, mpaka ufike muhula huu.

Pima pia muda. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Mihadhara ikichukua saa 3, zilizobaki 5 ni zako na karatasi. Aliyetoka kidato cha sita na mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) au ECA (uchumi, biashara, uhasibu), akiwa na BAM, ile hisabati ya msingi, atahitaji zaidi, maana tofautishi na jumlishi, nguzo mbili za kalkulasi, alizigusa juu juu. Arudie jumlishi kwa ubadilishaji na kwa sehemu kabla muhula haujaanza, asisubiri jaribio la kwanza limkumbushe.

Kuna mtego mwingine. Idara mbalimbali zina "utangulizi wa takwimu" wake: wa biashara, wa afya, wa jamii. Majina tofauti, yaliyomo yaleyale: wastani, mchepuko sanifu, jaribio la t. Mwanafunzi anazichukua zote tatu, anapata A tatu, na bado yuko ngazi ya kwanza.

Kwa wa sayansi ya jamii, ningeweka kozi ya uteuzi wa sampuli mbele ya karibu kila kitu. Chukua data za utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa 2022. Watu hawakuchaguliwa mmojammoja nchi nzima. Yalichaguliwa kwanza maeneo ya kuhesabia, kisha kaya ndani yake. Majirani hufanana. Ukikokotoa kana kwamba kila mtu alichaguliwa peke yake, kosa la sampuli linatoka dogo kuliko lilivyo, na tofauti iliyotokea kwa bahati tu inaonekana ya kweli. SPSS, programu ya kuchambua data, haitakuonya, unabonyeza, jedwali linatoka, unashangilia. Mchumi anayelenga shahada ya uzamili, yeye aelekee hisabati: aljebra ya matriki na uchambuzi wa namba halisi.

Kabla ya kusaini fomu, uliza ofisi ya taaluma kama somo hilo litaandikwa kwenye cheti au litaonekana kwenye transkripti tu, kozi mojamoja. Wengi hugundua siku ya kuchukua cheti.

Mfundishaji wa takwimu,
Morogoro