Somoe, kabla hamjanunua kirikuu

Magomeni, Mtwara
Septemba 2025

Shoga yangu Somoe,

Assalaam alaykum. Natumai watoto hawajambo na mama mkwe mguu wake umepoa. Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Habari ya mkopo wa kikundi chenu imenifurahisha mno. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, na ndani yake asilimia 4 ya wanawake, ni fedha isiyo na riba, nayo kwa kina mama wa Ruangwa ni neema. Umeniuliza kama mnunue kirikuu, hizi pikapu ndogo za mizigo. Ningekujibu kwa simu, lakini simu haitoshi. Jambo hili limenikaa kooni, kwa sababu kirikuu yangu imo gereji hadi leo ninapoandika, na nimejifunza mambo ambayo nataka myajue kabla hamjatoa hata shilingi.

Ilichemsha njiani kwenda Tandahimba, nyuma imebeba madeli ya vibua na changu. Pampu ya maji ilikufa ghafla. Dereva alipoona mshale wa joto unapanda alisimama palepale akazima, lakini gasketi ya hedi, ile inayoziba maji na oili visichanganyike, ilikuwa imeshaungua. Tulipofungua kifuniko cha oili tukaikuta imegeuka kama chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili. Samaki niliwafaulisha kwenye Noah iliyokuwa ikipita, gari ikavutwa kwa kamba kurudi mjini.

Kazi yenyewe si kubwa, fundi yeyote atakwambia hivyo. Unafungua hedi, unaipeleka kwenye mashine ikasawazishwe kwa sababu aluminiamu ikipata moto hupinda, unaweka gasketi mpya, belti mpya, pampu mpya, unafunga. Fundi akiwa na kila kitu mbele yake hachukui muda. Sasa hicho "kila kitu" ndicho kilichonifikisha hapa.

Kirikuu ukiziona barabarani unadhani zote ni moja. Zote zimeandikwa Suzuki Carry, zote ni cc 660, zote silinda tatu. Ndani haziko sawa. Za zamani zina injini F6A, bloku ya chuma, inayoendeshwa na belti. Zilizofuata zina K6A, bloku ya aluminiamu, inayotumia cheni. Za kuanzia 2013 zina R06A, nayo ni nyingine kabisa. Gasketi ya hii haikai kwenye ile. Yangu ni F6A. Nimeyapitia maduka ya spea ya mjini hapa, rafu zimejaa vitu vya Noah, IST, Canter na bodaboda. Ukitaja kirikuu wanakuletea boksi la K6A kwa sababu ndilo linalotembea. Ukitaja F6A wanakwambia "hiyo hadi Dar".

Basi tukapiga simu Kariakoo. Muuzaji akataka picha ya chasisi namba, tukamtumia, DD51T, yaani modeli ya gari yangu, inaonekana wazi. Akasema ipo. Hela ikaenda kwa simu, boksi likapelekwa Mbagala, likapanda basi, likashushwa stendi ya Mkanaledi. Fundi akaiweka gasketi juu ya bloku mbele yangu: matundu ya maji hayalingani hata kidogo. Ilikuwa ya K6A. Picha alitumiwa, namba alisomewa, na bado alichukua boksi la mbele. Kurudisha mzigo ni gharama yangu, na yeye kubadilisha ni "mzigo mpya ukiingia". Hakuna anayeulizwa, Somoe. Yuko zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa, hanioni machoni wala hanisikii nikipaza sauti dukani kwake, na mteja mwingine amesimama mbele yake na hela mkononi. Mteja wa mbali anauziwa kilichopo.

Gasketi ya pili ilikuwa yenyewe. Lakini pampu ya maji waliyoituma pamoja nayo ni ya mtumba, ukiizungusha kwa mkono beringi inakwaruza. Nimekataa isifungwe. Gari imeharibikia pampu, niifungie pampu mbovu? Fundi akaja na shauri lingine, kwamba tuitoe na themostati, ile valvu inayosimamia maji ya kupoozea injini, tuache wazi, kwa kuwa ile ya zamani imekwama na mpya haipatikani. Wengi hapa mjini wanafanya hivyo. Hilo pia nimelikataa. Injini isiyo na themostati inachelewa kufikia joto lake, inakunywa petroli zaidi na inalika mapema. Nikikubali leo, mwakani nitarudi gereji ileile kwa ugonjwa mwingine.

Sasa nikwambie kwa nini spea hizi zinaisha. Kirikuu zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na sheria ya kwao inaziruhusu kubeba kilo 350 tu. Mfuko wa simenti ni kilo 50, kwa hiyo ni mifuko 7. Hapa Mtwara kiwanda cha simenti kipo, ujenzi upo, na kirikuu inapakiwa mpaka springi zinalala kabisa, kisha inaingizwa kwenye vumbi na mchanga. Vitu vilevile vinakufa kwenye gari zote: klachi, springi, beringi za mbele, hedi. Duka likileta klachi chache zinaondoka siku ileile, na anayefuata anasubiri. Mwenye duka naye ninamwelewa. Mtaji wake mdogo, hawezi kulaza fedha kwenye gasketi ya injini ambayo mteja wake atakuja baada ya miezi. Analeta kinachouzika.

Nisichokielewa ni cha bandari. Bandari tunayo hapa, kina kirefu cha kujivunia, korosho zetu zinapakiwa melini hapahapa. Lakini gasketi yangu inashukia Dar es Salaam, inalala Kariakoo, halafu inapanda basi kuja mji wenye bandari. Wafanyabiashara wakubwa wa spea wakiungana kuleta kontena moja hadi Mtwara bila kupitia Dar, watu wa Lindi, Masasi, Newala na hata Tunduru wangenunua. Nalisema hili kila ninapopata mtu wa kulisikia, na nitaendelea kulisema.

Na barabara ndiyo hiyo moja. Unakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024, ilipokatika kule Somanga na mabasi yakalala njiani. Njia nyingine ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Makambako hadi Iringa, nani atapitishia huko boksi la pampu? Maduka ya spea hapa yalibaki na oili na plagi, bei za vilivyobaki zikapanda, na bajaji zilizokuwa zinasubiri beringi zikaendelea kusubiri. Tangu hapo mimi kila masika ninaihesabu barabara hiyo kuwa inaweza kukatika.

Lakini kinachoniuma kupita vyote hivyo ni kesho ya fundi. Nakuandikia hili kwa uchungu. Fundi wangu ana mikono mizuri, hilo namkubalia mbele ya mtu yeyote. Simlaumu kwa spea, hazitengenezi yeye. Ninamlaumu kwa kuniambia "kesho dada, jioni njoo uchukue gari", wakati anajua hedi bado iko kwenye mashine. Kwake ni neno la kuniondoa pale bila ugomvi. Kwangu neno hilo lina watu nyuma yake. Nikiambiwa kesho, ninawapigia kina mama wa Msangamkuu ninaochukua samaki kwao, nawaambia kesho gari ipo. Wao wananunua barafu. Wanakataa wachuuzi wa baiskeli waliokuja asubuhi, kwa sababu wana ahadi yangu. Saa kumi jioni fundi anasema bado, na ile barafu inakuwa maji. Changu wa kupelekwa Newala anauzwa kwa bei ya kutupa pale ufukweni, au anakaangwa usiku kwa kuni za kununua. Bibi mmoja pale, mtu mzima wa kunizaa, hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole tu: "Mwanangu, na kesho hii nayo ni ileile?" Nilirudi nyumbani sikula.

Siku ya pili yake nilimfuata fundi nikamwambia mbele ya vijana wake: niambie wiki nzima kama ni wiki nzima, sitahamisha gari. Nikijua, nitakodi guta la kupeleka mzigo wa mjini, na ule wa Newala nitaulipia kwenye gari ya mtu. Hasara yake naijua na naiweza. Hasara nisiyoiweza ni ya kungoja nisichokijua. Alinisikiliza. Kwa mara ya kwanza akanipa siku ya kweli, na akaongeza la kweli zaidi, kwamba ana Fuso zinazotakiwa kuwa barabarani kabla ya msimu.

Hilo la msimu liangalieni sana, maana na ninyi huko ni walewale wa korosho. Mwezi wa kumi minnada inaanza, na malori yanayotoa korosho vyama vya msingi kwenda maghalani lazima yatembee. Kuanzia Agosti kila mwenye Fuso na Canter anaingiza gari gereji, analipa taslimu, na fundi ana familia. Sisi wenye gari ndogo tunasukumwa ukutani. Kisha fedha za wakulima zikianza kutoka, ndipo maduka nayo yanajaza spea, kwa sababu mji una hela. Gari inahitaji spea Agosti, spea zinakuja baada ya mnada. Yangu isipotoka mwezi huu, naogopa itakula mwaka mpya palepale. Nati na bolti zake nilizikuta zimechanganywa na za Noah ya mtu kwenye kopo moja la rangi. Nimenunua ndoo yenye mfuniko, nimezichambua na fundi, nimeandika jina langu.

Kwa hiyo kuhusu lenu. Nunueni, kazi ipo na kirikuu inalisha watu. Lakini msianze kwa kutafuta gari. Anzeni kwa kuyazunguka maduka ya spea ya Ruangwa, kisha Nachingwea na Lindi mjini, mkiwa na jina la injini kwenye karatasi, muulize gasketi ya hedi, pampu ya maji, diski ya klachi. Injini ambayo vitu vyake mtaviona kwa macho, hiyo ndiyo mnunue, hata kama gari yake ina bei zaidi au rangi imechujuka. Nadhani itakuwa K6A. Mjue tu kwamba bloku yake ya aluminiamu ikichemsha haisamehi, hivyo rejeta iwe safi, iwekwe kulanti badala ya maji ya kisima, na dereva afunzwe kuuangalia mshale wa joto kabla hajafunzwa kitu kingine.

Na kwenye andiko la mradi msiandike bei ya gari na bima peke yake. Wekeni fungu la spea, mzinunue siku ileile mnayonunua gari, mzifungie kwa mweka hazina. Afisa maendeleo akiuliza ni za nini, mwambieni marejesho ya mkopo hayasimami gari ikiwa juu ya mawe. Kama kile kikundi cha Nachingwea ulichonitajia nao wanataka gari, kaeni nao mnunue za aina moja. Mtaazimana, na mwenye duka akiona gari kadhaa za injini moja ataleta vitu vyake bila kubembelezwa.

Nami nina ombi. Ulisema ile kirikuu ya kijani iliyolala nyuma ya gereji huko kwenu haijaguswa tangu ilipopata ajali. Kama ni ya zamani, huenda ni F6A. Mpelekee mwenyewe salamu zangu, umuulize kama anauza pampu ya maji na themostati, halafu piga picha namba iliyochongwa kwenye bloku unitumie. Usinisomee kwa maneno, nataka niione. Na pampu uizungushe kwa mkono wako kabla hujaisifu, kama inakwaruza iache hapohapo. Ikiwa nzima mpe dereva wa basi la asubuhi, hela nitakutumia usiku huohuo.

Wasalimie kina mama wote wa kikundi, na Bi Mkubwa mwambie dawa ya mguu nitamletea mwenyewe gari ikitoka.

Wako akupendaye,
Siwema