Kila mwalo Nzega uwe na ritoti yake

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega, hasa wenye mialo (mbao za mteremko zenye kapeti za kuoshea mchanga wa dhahabu) na makarasha (mashine za kusaga mawe), kuhusu ritoti, yaani chungu cha kuchomea dhahabu yenye zebaki bila kuachia mvuke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Mkataba huo unataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki, metali ya majimaji inayonasa dhahabu, kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge (dhahabu iliyoshikana na zebaki) hewani, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kumwagia sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, marudio (mchanga unaobaki baada ya kuoshwa) yenye zebaki. Mikutanoni tunaambiwa tuache zebaki, basi. Namna ya kuipunguza haielezwi, na mchimbaji anarudi kwenye jiko lilelile.

Hasara huanzia mwaloni. Mteremko ukiwa mkali na maji yakimwagwa kwa kasi, dhahabu laini hupita juu ya kapeti. Wapo wanaofidia kwa kumwaga zebaki kwenye kapeti lenyewe. Maji huivunja ikawa vitone vidogo visivyoshikana tena, vikaondoka pamoja na dhahabu vilivyoikamata. Wenye matangi ya sianidi wasingenunua marudio yetu kama yangekuwa mchanga mtupu! Laza mwalo, maji yapite membamba bila kukatika, tope lisiwe zito, na kapeti likung'utwe kabla nyuzi hazijajaa mchanga mweusi. Mchanga uliopatikana uoshwe tena kwa karai mpaka kibaki kiasi cha kiganja. Hicho peke yake ndicho kitiwe zebaki, beseni likiwa na maji na mikono ikiwa ndani ya glovu za mpira. Ukiona zebaki inakataa kushika, mara nyingi ni grisi ya karasha: osha mchanga kwa sabuni ya unga kwanza, usiongeze zebaki.

Donge likishakamuliwa kwa kitambaa, karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Nusu hiyo ndiyo inayochomwa kwenye kijiko juu ya mkaa, uani, watoto wakiwa hapo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na sehemu kubwa ya unaovutwa hubaki mwilini. Hutetemesha mikono, huharibu fizi na kumbukumbu, na kwa mjamzito hufika kwenye ubongo wa mtoto tumboni. Unaotua chini husombwa na mvua hadi mbugani, na kwenye tope lililotuama la majaruba vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayoingia kwenye samaki na hata kwenye mpunga.

Ritoti ni chungu kidogo cha chuma chenye mfuniko wa kukaza kwa bolti na bomba la kutolea mvuke. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Asitumie shaba wala aluminiamu, kwa sababu zebaki hula metali hizo, wala bomba lililopakwa zinki. Paka masizi ndani ya chungu ili dhahabu isigande, funga donge kwa karatasi, weka, kisha ziba ukingo wa mfuniko kwa udongo wa mfinyanzi uliolainishwa. Bomba lishuke kuelekea kwenye chombo cha maji, likiwa limezungushiwa kitambaa kinacholoweshwa wakati wote. Hapa wengi hukosea: mdomo wa bomba usizame. Moto ukipungua chungu huvuta, na maji yakipanda hadi kwenye chuma cha moto ritoti inaweza kulipuka. Acha mdomo juu kidogo ya maji, funga kitambaa kibichi kinachoning'inia hadi majini. Endelea na moto mpaka matone yakome hata ukigonga bomba, na usifungue kabla chungu hakijapoa kabisa. Yote haya yafanyike nje, mbali na nyumba, ukikaa upande upepo unakotoka.

Wachimbaji wanalalamika kwamba dhahabu ya ritoti hutoka na rangi ya kahawia. Haijapungua thamani, ikiyeyushwa kwa boraksi hurudi kuwa ya njano. Lalamiko zito zaidi ni kwamba mtu haoni mali yake ikiwa ndani ya chuma, na nalielewa. Ndiyo maana ritoti iwe ndogo, kila mmoja achome donge lake kwa zamu na bolti aikaze mwenyewe.

Zebaki iliyorudi ikiwa imechoka, yaani haishiki tena dhahabu vizuri, iweke kwenye chombo cha plastiki na maji ya chumvi, unganisha upande hasi wa betri ya volti 12 kwenye zebaki na upande chanya kwenye kijiti cha kaboni cha betri kavu kilichozama majini tu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Fanya nje, kwa sababu hutoka gesi ya klorini.

Ofisi ya Madini na halmashauri zinaweza kudai kila mwalo uwe na ritoti na kibanda cha kuchomea kilicho mbali na makazi. Wanunuzi nao wawekewe sharti la bomba la kunasa mvuke, kwa kuwa dhahabu iliyochomwa bado hubaki na zebaki kidogo inayotoka inapoyeyushwa madukani mjini. Marudio ya zamani yazungushiwe tuta kabla ya mvua za Novemba, na yeyote anayetaka kuyapeleka kwenye sianidi aondoe zebaki kwanza.

Mdau wa uchimbaji mdogo,
Nzega, Tabora