Maandalizi ya Jumamosi: maneno wanayotafuta wateja

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunaingia Google Keyword Planner, chombo cha Google kinachoonyesha neno fulani hutafutwa mara ngapi kwa mwezi, kwa hiyo kila mtu aje ameshafungua akaunti ya Google Ads, yaani huduma ya matangazo ya Google. Ikikuomba kadi ya benki, ishia hapo, tutamalizia pamoja.

Ukishaingia, kwanza hakikisha nchi ni Tanzania, la sivyo utasoma hesabu za kwingine. Na msishtuke mkiona "1K – 10K" (elfu moja hadi elfu kumi) badala ya namba kamili. Asiyelipia matangazo mara nyingi hupewa makadirio mapana tu. Ndiyo maana mimi naiamini zaidi Search Console, chombo kingine cha Google cha wenye tovuti, maana inaonyesha maneno yaliyowaleta watu kwenye tovuti yako mwenyewe. Mwenye tovuti tayari aanzie huko. Kwenye Google Trends, inayoonyesha neno linavyopanda na kushuka, 100 si watu mia, ni kilele cha neno unalolipima kwa kipindi ulichochagua.

Dada wa vitenge, niletee yale wateja wanayokuuliza WhatsApp: "vitenge vya jumla Kariakoo", "bei ya kitenge doti moja". Tuyapime hayo kwanza. Hilo neno "mitindo" ulilong'ang'ania (samahani, dada) utaligombania na magazeti yote ya mjini.

Njooni na kompyuta, simu itawatesa. Saa nne asubuhi.