Shebe, hiyo advansi ya Uturuki usiitume kwanza

Mwanangu Shebe,

Mambo vipi bana, Mtwara mnasemaje, shemeji anaendeleaje na tumbo lake? Mpe salamu zangu nyingi. Ile voice yako ndefu nimeisikiliza yote, na zile picha za kichwa ulizonitumia usiku nimezikuza nikaziangalia mpaka wife akaniuliza hicho ni nini, nikamwambia ni Shebe huyo. Nimeona bora nikuandikie, maana nikikujibu kwa sauti nitaanza kucheka katikati alafu utaona nakuletea dharau, wakati mi najua kabisa hii kitu inauma. Watu wanaona utani, mara kipara hela, mara mheshimiwa, mara taa imewaka, ila hawajui unavyojisikia konda wa daladala ambaye ukimwangalia mmelingana kabisa au hata kakupita anakwambia "shikamoo mzee, sogea nyuma kidogo", na we unaitikia marahaba hivyohivyo maana utafanyaje sasa, umtolee kitambulisho?

Ila hiyo advansi ya kwenda kupandikiza nywele Uturuki usiitume. Hilo ndo ninalotaka kukwambia, mengine yote humu ni maelezo.

Najua umeshaiva. Unasema dada wa kliniki anakujibu WhatsApp haraka kuliko ndugu zako, hoteli wanalipa wao, gari ya kukupokea ipo, na ndege ya Istanbul inaondokea hapahapa Dar. Sikatai, kupandikiza nywele ni kitu cha kweli, si uganga. Kuna daktari Mjapani, Okuda, alishaandika habari hizo tangu 1939, alafu Orentreich wa New York akaonyesha mwaka 1959 kwamba nywele ukiitoa kisogoni ukaipanda mbele inaendelea na tabia yake ya kisogoni, yani haikimbii. Rooney yule wa mpira mwenyewe 2011 alipandikiza na akasema hadharani bila kona kona. Lakini nikuulize, huyo dada amekuuliza habari ya kovu lako la begani?

Maana mi nalikumbuka lile kovu. Ulianguka na bodaboda pale Buguruni, mchubuko wa kawaida tu, mtu mwingine angepona akasahau, lako likapona alafu likaendelea kukua, likawa gumu linang'aa, linawasha ukitoka jasho, na likavuka mpaka wa kidonda chenyewe. Hiyo ndo keloidi, na sisi watu weusi tunaipata zaidi kuliko wazungu. Sasa hiyo njia wanayokutajia, FUE, maana yake wanakutoboa kisogo vitundu vidogo vidogo, kimoja kwa kila kifungu cha nywele, alafu wanatoboa tena mbele ili wazipande, na we unasema wamekuahidi vifungu maelfu. Mchubuko mmoja umekuachia hiyo kitu begani, leo unaenda kutobolewa kichwa kizima. Inawezekana isitokee chochote, kichwa si bega, ila hilo lilitakiwa kuwa swali la kwanza kabla hata ya kutajiana bei, na hujaulizwa.

Alafu nywele zetu zenyewe. Huo upilipili unaouona juu haujaanzia juu, mzizi umejipinda tangu chini ya ngozi, kwahiyo daktari aliyezoea nywele zilizonyooka akitoboa wima anaukata mzizi katikati, kifungu kinakufa, kisogo kimepungua na mbele hakujaota kitu. Wapo wanaojua nywele za Kiafrika ila huo ni ujuzi wa peke yake. Mwambie akutumie picha za watu weusi waliowafanyia, na ziwe za mwaka mzima baadaye, si za siku walipofungwa bendeji wanatabasamu. Maana hata ikienda vizuri zilizopandwa zinadondoka kwanza ndani ya wiki chache, zinaanza kurudi mwezi wa tatu wa nne huko, matokeo kamili unayaona kwenye mwaka. Na zile zako za asili zilizobaki zinaendelea kunyonyoka tu, kwahiyo usipotumia dawa unaweza ukajikuta una mstari mzuri wa mbele na nyuma yake hamna kitu. Hilo wengi hawaambiwi.

Haya tuje kwenye picha ya kisogo. Hukuisemea chochote, nadhani ulipiga ili nione nyuma zipo za kutosha. Mi nimeona vipele. Vigumu, vimejipanga palepale mashine inapoishia, na kimoja kina usaha. Hivyo unavyo tangu tuko Sinza na kila kinyozi anakwambia vitaisha. Haviishi bana. Kunyoa kwa kubana sana kunavichochea, vipande vya nywele vinarudi kuichoma ngozi, kola ya shati inasugua juu yake, na ukiviacha miaka vinaungana vinakuwa kovu na kwenye kovu nywele haioti tena. Na kisogo ndo kulekule wanakotaka kutoa nywele! Kwahiyo kama kuna hela ya kuanza kutumia kichwani kwako, ianzie hapo nyuma, hayo ya mbele yasubiri. Kuna dawa za kupaka, kuna antibayotiki, kuna sindano za kushusha uvimbe, ila ni za kuandikiwa na daktari wa ngozi, usiende duka la dawa ukasema nipe kitu cha vipele, utapewa tyubu yenye steroidi kali utapaka miezi mpaka ngozi iwe nyembamba.

Na kinyozi mwambie nyuma asibane, aweke kichana cha mashine, wembe asiuguse, na ile skrabu ya kukusugua mpaka unatoka machozi mwambie hapana. Vinyozi wetu nawapenda sana ila nao wana vituko, anakupaka spiriti wewe kisogo kizima unaruka kwenye kiti, mashine yenyewe iliyotoka kwenye kichwa cha mtu mwingine anaipuliza kwa mdomo, fuu, alafu anaendelea.

Sasa huko mbele. Nilivyoona mimi, zimerudi pembeni mbili umebaki na herufi M, na utosini zimeanza kuwa nyepesi, hamna mabaka ya duara, hamna magamba, haiwashi. Huo unafanana na upara wa ukoo, ingawa mi si daktari. Unasema ni wa mjomba, watu wote wanasema wa mjomba, kweli kuna kurithi kwa mama ila na kwa baba kupo pia, mzee wako yule kofia haitoki kichwani unadhani kwanini? Kinachofanya kazi ni homoni, testosteroni inageuzwa inakuwa kitu kinaitwa DHT, na mizizi ya mbele na utosini kwa watu wa ukoo wenu haiivumilii, inasinyaa, kila mzunguko nywele inatoka nyembamba na fupi zaidi mpaka inakuwa malaika. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Hamilton aliandika mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati huu upara. Kwahiyo dawa ya uhakika ipo tangu zamani, ni wewe tu na shemeji mkubaliane, hahaha.

Dawa zenye ushahidi wa kueleweka ni mbili. Minoksidili ya kupaka ilianza kama vidonge vya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka sehemu wasizotaka, wakaigeuza ikawa ya kupaka na Marekani wakairuhusu kwa upara mwaka 1988. Unapaka kwenye ngozi, kichwa kikiwa kikavu, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo zinaweza zikanyonyoka zaidi ya ulivyokuwa, wengi wanaogopa wanaacha hapohapo, na kumbe ni za zamani zinapisha mpya. Unaipa miezi minne mpaka sita ndo unasema inafanya au haifanyi. Ila inasaidia utosini zaidi kuliko hizo pembe za mbele, na pembe ndo zinakukosesha usingizi, kwahiyo usije ukasema sikukwambia. Na ile ni kodi ya nyumba mwanangu, ukiacha kulipa unatolewa vyombo nje, miezi michache tu ulichopata kimeondoka. Na kama yule paka wa shemeji bado analala kwenye mto wako, acha kabisa, paka akiilamba inamuua, hii si utani.

Ya pili ni finasteridi, kidonge, inazuia hiyo testosteroni isigeuke DHT. Asili yake inanifurahishaga. Kule Jamhuri ya Dominika kuna koo ambazo baadhi ya watoto wanazaliwa wanaonekana wa kike, wakibalehe wanakuwa wanaume, miili yao haitengenezi DHT ya kutosha, madaktari wakaandika habari zao 1974, na wanaume wale hawana upara na tezi dume zao ni ndogo. Watu wa dawa wakatafuta kidonge cha kuiga hiyo hali, ikatoka ya miligramu 5 ya tezi dume mwaka 1992, alafu ya miligramu 1 ya nywele mwaka 1997. Inazuia zilizobaki zisiende, na baadhi ya watu zinarudi kiasi. Tatizo lake unalijua hata kabla sijasema, kuna wanaume wachache inawashusha nguvu za kiume, wengi wao wakiacha wanarudi sawa ila wapo wanaosema haikurudi haraka, na wengine wanapata sonona. Siku ukipimwa damu ya tezi dume pia inabidi umwambie daktari unaitumia maana kipimo kinasoma karibu nusu.

Lakini kwako we saivi kuna kubwa kuliko hayo. Shemeji ana mimba. Najua akili yako, utaona miligramu 5 za wazee ni rahisi utanunua hizo uzikate vipande kwa kisu mezani. Hicho kidonge kikivunjika mjamzito hatakiwi hata kukishika, kama mtoto ni wa kiume kinaweza kuharibu maumbile yake. Kwahiyo hiyo kitu isiingie nyumbani kwenu mpaka uongee na daktari, na ikiwezekana mpaka mtoto azaliwe. Upara utasubiri, hauna haraka kiasi hicho.

Mafuta ya Instagramu ya yule dada wa Kariakoo, yenye kitunguu, habasoda na mwarobaini, mi sina neno nayo, utanukia kachumbari tu. Kitunguu waliwahi kukijaribu kweli kule Iraki, ila kwa watu wenye yale mabaka ya duara, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, si wa kwako. Ninachoogopa ni ile chupa isiyo na lebo, hujui wamechanganya nini ndani. Na zile sindano za damu yako mwenyewe wanayoizungusha kwenye mashine wakakuchoma kichwani, nazo ni kutoboatoboa, rudi tena kwenye bega lako.

Piko, ile rangi nyeusi ya kupaka, ndo usijaribu kabisa. Juzi kwenye mwendokasi, mchana ule wa jua la kufa mtu, alikaa jamaa mbele yangu kachongwa, mstari wa mbele mweusi tii umenyooka kwa rula, shati jeupe, yuko kwenye simu anaongea kiingereza cha ofisini. Tumefika Manzese AC hamna, jasho likaanza, nikaona kitu cheusi kinashuka taratibu pembeni ya sikio kinaelekea kwenye kola, na dada aliyesimama karibu anakiangalia alafu ananiangalia mimi. Nilitamani nimpe tishu nikashindwa nianzeje. Alafu hiyo rangi kuna watu inawakataa, kichwa kinavimba mpaka macho hayafunguki.

Utaniuliza kwanini usipige para tu tumalize, kama mimi. Mi limenikaa, mtoto wangu hanijui na nywele, na sitaki kuingia kwenye mambo ya kupaka asubuhi na jioni. Ila kwako para la wembe ndo litavichochea hivyo vipele zaidi, kwahiyo hata hiyo ya bure si ya bure kwako. Piga mashine fupi, namba moja kichwa kizima, pembe zitafifia zenyewe kwa sababu hamna cha kulinganisha nacho. Hizo ndefu za katikati unazozilaza kufunika pembe zitoe, ndo zinakuzeesha kuliko upara wenyewe, nakwambia kwa upendo.

Hayo ya kipara hela nayo tuwe tunayapunguza jamani. 2017 si ulisikia Msumbiji, si upande wenu huo wa mto Ruvuma, ni kule Zambezia, wanaume wenye vipara waliuawa kwa imani eti kichwani mna dhahabu, mpaka polisi wakatoa tahadhari. Utani una mwisho wake.

Sasa fanya hivi. Likizo yako si mwezi ujao, njoo Dar ufikie kwangu Tabata, asubuhi tunadamka wote kliniki ya ngozi Muhimbili, au kama unapitia Moshi kwa wakwe, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wanaona vichwa vyetu kila siku. Mwonyeshe bega, kisogo, mbele, kwa mpangilio huohuo, na umwambie shemeji ana mimba. Usinyoe wiki mbili tatu kabla ya kuja ili aone nywele zinavyoota. Akisema ngozi yako inaruhusu kupandikizwa, basi mi mwenyewe nakuchangia nauli ya Istanbul, sikutanii. Akisema hairuhusu utakuwa umeokoa hela ya kiwanja.

Na huyo dada wa WhatsApp akikutumia tena ile meseji ya ofa inaisha leo, we mjibu mimi nimefiwa, atatulia kidogo. Nijulishe tarehe ya basi nikusubiri Mbagala, na uje na korosho, za kubangua wenyewe si za dukani.

Wako,
Mudi