Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa ushirika wetu wa mwani, Jambiani, Unguja

Assalamu alaykum, ndugu wanachama.

Hesabu za fedha ameshazisoma mshika fedha, na daftari liko mezani. Anayetaka kulikagua alifunue. Kwa ufupi tumeuza, tumegawana, na kibati, mchango wetu wa kupeana fedha kwa zamu, hakikukatika hata zamu moja. Mashine ya kusagia mwani wa sabuni iliharibika kabla ya Ramadhani na aliyetuuzia hapokei simu. Hilo tutaligusa kwenye mengineyo.

Mgeni mmoja alitujia wakati wa kusi akaniuliza: bei ndiyo hiyo, migongo inauma, huku baharini mnafuata nini? Nikampa jibu la mwenyekiti: ajira, ada za skuli, na kadhalika. Usiku nikaona nimemwambia nusu tu. Ingekuwa pesa peke yake, chama hiki kingeshakufa zamani.

Kilimo hiki cha mwani kilipoanza upande wetu huu wa mashariki, mwaka 1989, tulifundishwa kupiga vigingi na kufunga mbegu iliyotoka Ufilipino. Lakini siku ya kuingia baharini hakutufundisha mtu. Bibi zetu walishaijua kwa kufuata pweza na chaza: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, mnamo saa nne asubuhi yamekupwa, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, mpaka yafike maji mafu, yasiyokupwa sana, tukae nyumbani tusuke ukili. Mwaka huu binti yetu wa kidato cha tatu alikuja na jedwali la maji kwenye simu. Mkongwe wetu akauliza mwezi una ngapi, akahesabu kwa vidole. Wakapishana dakika chache, na kila mmoja akashikilia kuwa mwenzake ndiye aliyekosea. Hadi leo hawajapatana.

Sasa maji marefu. Mwani mnene, kotonii, una bei kuliko ule mwembamba, ila maji ya karibu yakichemka kwa jua la kaskazi unaoza kambani. Inabidi tuufuate kwenye kina, na wengi wetu tumezeeka pwani bila kujua kuogelea, maana watoto wa kike hatukuachiwa. Mimi nilianza na dumu tupu la mafuta ya kupikia kifuani, nguo zote mwilini, miguu haitaki kuachia mchanga. Aliyenishika mkono ni mke wa mwanangu. Jamani, mkwe kumfundisha mama mkwe kuelea! Siku nilipoachia nilimeza maji ya kutosha, nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nazama.

Yule mgeni ningemwonesha siku ile.

Kamba za maji marefu tutazitega bamvua la mwezi mwandamo ujao, inshallah. Asiyejua kuogelea aje na dumu lake, langu limeshatoboka.