Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakulima wa Malisho, Tabora

Wazee wangu, akina mama, vijana wetu, poleni na safari. Najua waliotoka upande wa Sikonge wameondoka nyumbani jogoo hajawika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na deni la maturubai limekwisha, kwa hiyo hapo sikai. Nitakaa kwenye jambo lililotuuma mwaka huu: rangi ya marobota yetu ya nyasi kavu.

Mnamkumbuka yule mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyekuja Agosti. Bei hakuuliza. Alichomoa konzi ya nyasi kwenye robota la juu, akaivunja, akainusa, akairudisha taratibu. "Mama Mwenyekiti," akasema, "hizi ni za kuezekea." Tukabaki tunatazamana. Nyasi zilikuwa za aina ya Rhodes, mbegu nzuri, tumezipalilia wenyewe. Tuliziharibu baada ya hapo.

Kwanza tulichelewa kukata. Mvua yetu huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, na Rhodes hutoa masuke mawingu yangali yapo. Tunaogopa, tunangoja jua la Juni. Juni ikifika shina limeshakuwa kuni, protini imeshuka na kijani kimeondoka kabla hujashika kwanja. Kamati inapendekeza tukate masuke yanapoanza kuchomoza, tukiotea siku mbili tatu za anga safi, na tukate kile tu tunachoweza kukianika na kukifunga kabla mvua haijarudi. Atakayelaza shamba zima kwa siku moja akanyeshewa asije kulia kwangu.

Pili, tulianika vibaya. Jua linalokausha ndilo hilo hilo linalopausha. Kata umande ukishakauka, tandaza nyembamba, geuza mchana, jioni kusanya vilundo ili umande usipate pa kukaa. Kabla ya kufunga, katakata nyasi kidogo, tia kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado mbichi. Ikitembea huru, unyevu umefika kama asilimia 15. Funga upesi, usiache zikae juani siku nyingine kwa uvivu.

Sasa yule mwenzetu. Simtaji, yumo humu na tumeshamalizana. Yeye aliyanyunyizia marobota maji ili yapate uzito na yaonekane mabichi. Siku chache baadaye nilizamisha mkono katikati ya robota moja: moto kama ugali ulioepuliwa, na ukungu mweupe umetanda hadi kwenye kamba. Ng'ombe akila ukungu huo anaugua, na rundo lenye unyevu linaweza kujiwasha moto lenyewe ghalani. Mnunuzi tulimrudishia fedha zake.

Lingine ni kosa la kamati, nalikiri. Tulihifadhi marobota kwenye bani la zamani, banda la kukaushia tumbaku, kwa kuwa lina giza na paa zuri. Rangi ilibaki safi kabisa! Ila yalinuka tumbaku, ng'ombe wakayanusa wakageuza vichwa. Bani tumelirudisha kwa mwenyewe. Mwaka huu tunajenga kichanja cha magogo ndani ya ghala letu, kiinuke kutoka sakafuni na kiachane na ukuta, maana mchwa wa huku mnawajua.

Mtu akiona robota lililopauka upande wa nje tu, msibishane naye. Likateni mbele yake. Ndani likiwa kijani na linanukia vizuri, chakula bado kimo. Wafugaji hawatafuti urembo. Kijani ni dalili ya karotini, ambayo mwili wa ng'ombe huigeuza kuwa vitamini A, na Septemba na Oktoba porini hakuna cha kumpa. Na msiwauzie kijani chenye harufu ya uvundo. Pua ya mfugaji haidanganyiki.

Fundi ametutengenezea boksi la mbao la kufungia, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Likishindiliwa vizuri hutoa robota la kilo 20 hivi, kwa hiyo ule ugomvi wa "langu kubwa, lako dogo" umekwisha. Boksi ni moja, litakwenda kwa zamu kuanzia Machi. Tunaanza na Sikonge, kwa kuwa ndio waliotutangulia kufika leo.