Risala ya wanafunzi wa ujenzi wa Bukavu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu wapendwa, wazazi na wageni waalikwa,

Sisi wanafunzi tunaomaliza masomo ya ujenzi tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na tunaomba utusikilize juu ya jambo moja: matumizi ya BIM, yaani modeli ya kidijitali inayobeba taarifa za jengo zima, katika kazi za ujenzi za mji huu.

Mara nyingi msanifu huchora plani yake, mhandisi huchora ya kwake, na fundi bomba hana mchoro wowote. Ndiyo maana bomba la maji machafu hukutana na boriti wakati zege limekwisha kukauka, na dawa yake huwa nyundo na patasi. Boriti iliyotobolewa hivyo ni hatari popote, sembuse Bukavu, mji wa miteremko uliotikiswa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Katika modeli ya BIM, boriti, nondo, mabomba na nyaya huwekwa pamoja, kila kimoja na vipimo vyake, na programu huonyesha vinapogongana kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Modeli hiyohiyo hutoa hesabu ya saruji na nondo, hesabu ambayo mwenye nyumba (tunasema haya kwa heshima zote kwa mafundi wetu) angependa sana kuiona mapema.

Uingereza iliifanya BIM kuwa sharti kwa miradi ya serikali kuu mwaka 2016. Sisi hatuombi sheria ya namna hiyo kwa sasa, kwa sababu sharti lisilo na watu waliofunzwa lingezaa makaratasi tu. Wala gharama ya programu si kizuizi kikubwa: FreeCAD hupatikana bure, na husoma mafaili ya IFC, ambayo humwezesha msanifu na mhandisi kubadilishana modeli hata wakitumia programu tofauti. Kinachotukwamisha ni uchache wa kompyuta na umeme unaokatika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba utusaidie kupata kompyuta na paneli za jua za chumba kimoja cha kuchorea. Tunaomba pia jengo moja la umma, hata kituo kidogo cha afya, lichorwe kwa BIM tangu mwanzo, nasi turuhusiwe kuifuata kazi hiyo pamoja na wahandisi hadi modeli ikabidhiwe kwa watakaolitunza jengo.

Tunaomba kuwasilisha.